Waache Samaki Mpaka Siku ya Mizani

Kosa linalowaangusha wageni wengi wa mashindano ya uvuvi hufanyika kabla shindano halijaanza. Mtu anashusha boti Ijumaa kwa ajili ya mazoezi, anaangukia mwamba uliojaa samaki, anavua mpaka viganja vinachubuka, anatuma picha kwenye makundi yote ya WhatsApp, analala akiwa bingwa. Jumamosi, mizani ikiwa mezani, anarudi pale pale na kukaa saa tatu mshipi haujatikisika. Ataapa kwamba samaki wamehama. Wapo waliohama kweli, lakini wengi bado wako chini yake. Midomo yao ina vidonda alivyowatia yeye mwenyewe jana, na ambao hawakunaswa waliwaona wenzao wakipandishwa juu mmoja mmoja.

Nawaandikia ndugu zetu wanaoishi kandokando ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, Buffalo, Erie, Cleveland, Detroit hadi Toronto, wanaofikiria kujaribu mashindano ya besi wa mdomo mdogo. Wengi wenu mmekulia kando ya Tanganyika, Kivu au Viktoria, na mshipi mmeushika kabla ya kalamu. Kuvua mnajua. Kushindana ni kazi nyingine, kwa sababu kunampa thamani samaki wa siku moja tu, tena wa saa chache tu za siku hiyo. Aliyenaswa jana hapimwi.

Nitazungumzia zaidi upande wa mashariki wa Ziwa Erie, kuanzia Buffalo kwenda Dunkirk, maana huko ndiko mgeni anaweza kukutana na samaki wakubwa kweli bila kusafiri mbali. Mengi ya nitakayoyasema yanafaa pia Ziwa St. Clair, Mto St. Lawrence na Ziwa Ontario.

Kwanza mjue samaki mwenyewe. Ndugu yake wa mdomo mkubwa, Wakenya wanamfahamu: alipandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 na mpaka leo anavuliwa huko. Huyo ni mviziaji wa kwenye majani, anajibanza na kusubiri riziki impitie. Wa mdomo mdogo ana tabia nyingine kabisa. Ana rangi ya shaba yenye mistari ya wima ubavuni, jicho mara nyingi jekundu, na taya lake linaishia chini ya jicho badala ya kulipita. Anapenda mawe, maji safi na baridi, na anatembea kwa makundi. Kundi likiwa jiwe hili asubuhi, mchana linaweza kuwa mita mia tatu kutoka hapo. Kwa hiyo ukiniambia umepata “sehemu”, nitakuuliza kwa nini samaki walikuwa hapo. Ukikosa jibu, bado hujapata kitu.

Jibu, mara nyingi, ni chakula, na chakula cha Erie kina historia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kome wa pundamilia waliingia Maziwa Makuu ndani ya maji ya kusawazishia meli kutoka pande za Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Wanakula kwa kuchuja maji, na maji yakawa maangavu kupita ilivyokuwa. Mwaka 1990 akaonekana samaki mdogo kutoka pande hizo hizo, gobi, katika Mto St. Clair. Kwa wanaolinda mazingira ni balaa, nami siwabishii: gobi hula mayai ya samaki wengine na huwafukuza wenyeji. Kwa besi wa mdomo mdogo, hata hivyo, imekuwa karamu isiyokwisha. Gobi hana kibofu cha kumwelesha kama samaki wengine, kwa hiyo anatambaa juu ya mawe na hakai mbali na sakafu ya ziwa. Besi wanashiba, wananenepa. Julai 2022, kwenye mashindano ya Bassmaster Elite yaliyofanyika Clayton, Mto St. Lawrence, Jay Przekurat alishinda kwa ratili 102 na wakia 9 kwa siku nne, besi wa mdomo mdogo watupu, watano kila siku. Piga hesabu: kila samaki alizidi ratili 5 kwa wastani. Hakuna aliyewahi kuvuka ratili 100 kwa samaki hao peke yao katika mashindano hayo kabla yake.

Kwa hiyo ukizama kwenye mazoezi, macho yako yawe kwenye sakafu ya ziwa. Mlo uko huko.

Mazoezi yenyewe yaanzie nyumbani, mezani, na ramani ya kina cha maji. Usichague maeneo ishirini. Chagua machache yanayofanana: kingo ambapo mwamba unashuka kutoka futi 20 hadi 35, vilima vya chini ya maji kama Seneca Shoal, ncha za mawe zinazoingia ziwani. Kisha chagua mengine machache yasiyofanana na hayo, ya kina kifupi, karibu na bandari na kuta za kuzuia mawimbi. Hayo ya pili usiyadharau. Nitayarudia nikifika kwenye upepo.

Ukifika juu ya eneo, zunguka kwanza ukisoma sona bila kutupa mshipi. Wanaoanza huona uvivu kufanya hivi. Wanaona mstari mmoja wa samaki kwenye kioo, fimbo zinaruka mikononi. Zunguka. Ona mwamba unaanzia wapi, unaishia wapi, uko upande gani wa mkondo. Weka alama kwenye GPS kwa kila jiwe kubwa lililo peke yake, hata kama halina samaki, kwa sababu jiwe la peke yake ndilo linalokaliwa na samaki mkubwa ambaye hataki kusukumana na wengine.

Baada ya hapo shusha chubwi. Sona inakuonyesha umbo, lakini mkono ndio unaokuambia sakafu ni ya nini. Tupa mbali, acha chubwi lifike chini, kaza mshipi mpaka usiwe na ulegevu, kisha liburute polepole kwa kuivuta fimbo ubavuni, si kwa kuzungusha rili. Kwenye mchanga chubwi linateleza bila neno. Kwenye tope linakuwa zito, linang'ang'ania, halafu linaachia. Kwenye kome utasikia mkwaruzo mfululizo kwenye kidole, kama mtu anayekuna nazi chumba cha pili. Kwenye mawe linagonga, linakwama, linaruka, kimya kidogo, linagonga tena. Unachotafuta ni mpaka kati ya vitu viwili: pale mkwaruzo unapogeuka kugonga, pale mawe yanapokoma na mchanga kuanza. Simama hapo. Buruta tena kutoka upande mwingine uone mpaka huo unakwenda wapi. Mvuvi aliyeujua mpaka huo kwa mkono wake atashinda mwenye sona ya bei mbaya ambaye anakodolea kioo tu, labda si kila siku, lakini siku ambazo samaki wamekuwa wagumu atamshinda.

Na samaki akigusa? Hapo ndipo nidhamu inapopimwa. Kabla ya kuondoka gatini, chukua koleo uikunje ncha ya ndoana ndani, au tumia chambo cha plastiki kisicho na ndoana kabisa. Besi wa mdomo mdogo kwenye maji baridi mara nyingi hapigi kwa kishindo. Uzito unaongezeka tu, kama chubwi limekanyaga tope pasipo na tope. Acha avute. Atakivuta, atakitafuna, atakitema, na wewe umekwisha kujua kwamba yupo. Katika eneo lote ruhusu samaki mmoja apande kwa ndoana halisi, ili uone ukubwa wake, kwa sababu kundi moja mara nyingi lina samaki wanaolingana. Akiwa wa ratili 2, hama. Akiwa wa ratili 4 na nusu, hama haraka zaidi.

Kama mko wawili botini, kubalianeni mapema, maana mazungumzo haya hayakwepeki:

“Kaka, wamejaa hapa. Tupige hata nusu saa.”

“Ndiyo maana tunaondoka, ndugu yangu.”

Yupo atakayeona ni ushamba kulipia mafuta, kuchukua ruhusa kazini, kisha kuwakimbia samaki. Mwache. Wewe andika. Daftari au simu, vyovyote, lakini andika: kina, aina ya sakafu, joto la maji, upepo unatoka wapi, saa ngapi, jua lilikuwaje. Kikija kisa cha pili na cha tatu chenye maelezo yale yale, umepata kanuni ya wiki hiyo. Mathalani: futi 28 hadi 32, ukingo wa mawe na mchanga, upande unaopigwa na upepo, baada ya saa nne asubuhi jua likiwa limepanda. Ukiwa na kanuni ya namna hiyo unaweza kufungua ramani na kwenda mahali ambapo hujawahi kutupa mshipi, ukakuta samaki. Mwenye alama kumi za GPS asiyejua kwa nini zina samaki hana pa kwenda mtu mwingine akimtangulia.

Hilo la jua linawashangaza wengi. Tumezoea kwamba samaki wanakula alfajiri na magharibi. Kwenye maji haya maangavu besi wa mdomo mdogo anawinda kwa macho, na mchana mweupe wenye upepo kidogo mara nyingi ndio wakati wake. Siku ya mawingu na maji yaliyotulia kabisa, bila kiwimbi, ndiyo inayonitia wasiwasi mimi.

Sasa upepo wenyewe. Erie ndilo lenye kina kidogo kuliko Maziwa Makuu yote: wastani ni mita 19, na panapozama zaidi, huku mashariki, ni mita 64. Limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na upepo wa kawaida wa huku nao unatoka kusini-magharibi. Kwa hiyo mawimbi yana uwanja wa karibu kilomita 390 wa kukimbilia kabla ya kufika Buffalo, na ziwa lenye kina kidogo hunyanyuka upesi, mawimbi mafupi, yamesimama, yamebanana. Asubuhi inaweza kuwa kioo, saa sita mchana usiweze kurudi. Sitanii: Bahari ya Hindi inakupa taarifa kabla ya kukasirika, ziwa hili halitoi. Ndiyo maana nimesema yale maeneo ya karibu na bandari usiyadharau. Tumia sehemu kubwa ya mazoezi, hata nusu, kutafuta samaki mahali utakapoweza kuvua upepo ukiwa mbaya. Watakuwa wadogo kuliko wa nje. Siku ambayo nusu ya washindani wamejificha nyuma ya ukuta wakitafuta pa kuanzia, watano wako wa ratili 3 watakuweka mahali pazuri.

Kuhusu usalama sina mengi kwa kuwa hayana mjadala. Jaketi la kujiokolea likiwa mwilini wakati injini kubwa inanguruma ni sharti karibu kila shindano. Kamba ya kuzimia injini, ile inayofungwa kwa nahodha, ni sheria ya Marekani nzima kwa boti ndogo tangu Aprili 2021. New York inataka kila aliye kwenye chombo cha chini ya futi 21 avae jaketi kuanzia Novemba 1 hadi Mei 1. Na mpaka wa Kanada unapita katikati ya ziwa: upande wa pili unahitaji leseni ya Ontario, mashindano mengi ya upande huu hayaruhusu kuuvuka, na kama hati zako za ukazi hazijakamilika, usiusogelee hata kwa bahati mbaya. Weka mstari huo kwenye GPS uonekane wazi.

Vifaa. Duka litakuuzia vingi, samaki hawa wanahitaji vichache. Fimbo nyepesi ya futi 7, rili ya kawaida isiyo kubwa, mshipi mwembamba wa kusokotwa wa ratili 10, na mbele yake kipande kirefu cha mshipi wa fluorokaboni wa ratili 8, usioonekana kirahisi majini. Ufundi ambao ningemwambia mgeni ajifunze kuliko mwingine wowote ni ule ambao chubwi linakaa chini na ndoana inakaa juu yake, nao ulishika umaarufu Japani kabla ya kuenea Marekani. Unaifunga ndoana ndogo katikati ya mshipi, si mwishoni. Ukimaliza fundo, ncha ndefu ya mshipi iliyobaki unaipitisha tena kwenye tundu la ndoana kutoka upande ule wa ncha kali. Ukikaza, ndoana inasimama yenyewe mlalo, ncha ikiangalia juu. Kisha mwisho wa mshipi, kama shubiri moja au mbili chini ya ndoana, unafunga chubwi la gramu 10, au 14 kukiwa na upepo. Chambo ni kijisamaki cha plastiki cha inchi 3 au 4, rangi ya kahawia au kijani cha tope kama gobi, unakitoboa puani tu.

Likifika chini, usilitikise kama uliyepagawa. Hapa nakubaliana na wakongwe na nawapinga wanaofundisha kwenye video. Kaza mshipi, tulia. Mawimbi yanayoitikisa boti yanatosha kukichezesha chambo. Mkono wako ukiongeza mengine, gobi wako atakuwa gobi mgonjwa wa degedege, na samaki wa ratili 5 ameishi miaka mingi ya kutosha kumtilia shaka.

Kando ya huo, uwe na jigi (ndoana yenye chubwi kichwani) lenye chambo cha tyubu la kuburuta kwenye mawe, na kitu cha kupita haraka juu ya maji ya kina kifupi wakati wa upepo. Basi. Sona ya kisasa inayotazama mbele ya boti na kumwonyesha samaki akikifuata chambo ni silaha kali kwa samaki hawa. Baadhi ya mashindano yameibana au yameipiga marufuku, kwa hiyo soma kanuni kabla ya kutoa maelfu ya dola. Nje ya vifaa, mashindano ya mwanzo wa kiangazi yana jambo lake: maji yakifika nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi samaki hutaga kwenye mawe ya kina kifupi, na dume hubaki kulinda kiota. Ukimtoa dume huyo, gobi huvamia mayai ndani ya dakika chache. Hata pale kanuni zinaporuhusu, mimi nisingejenga ushindi wangu juu ya viota.

Siku yenyewe ikifika, jambo la kwanza ni kujua unatafuta nini. Mashindano mengi yanahesabu samaki watano kwa mshindani au kwa boti. Ratili 20 kwa watano, mashariki mwa Erie, ni mfuko wa kuheshimiwa. Kwa hiyo usianze na sehemu yako bora kama iko mbali na upepo unatishia. Anza pale utakapopata watano wa kuridhisha upesi, kisha nenda ukawinde wakubwa kichwa kikiwa kimetulia. Mtu mwenye tangi la samaki tupu saa tano asubuhi hafikiri sawasawa. Anaanza kukimbia kutoka alama hadi alama, na boti inayokimbia haivui.

Ukinasa, ishushe fimbo. Besi wa mdomo mdogo akihisi mshipi unampeleka juu atakwenda juu kweli, ataruka, atatikisa kichwa, na ndoana itarudi kwako peke yake. Ncha ya fimbo iwe karibu na maji, breki ya rili iwe laini kiasi cha kumpa mshipi akitaka kukimbia. Na mwenzako asisimame kushangilia. Wenzake samaki uliyemnasa mara nyingi wanamfuata wakidhani ametapika chakula. Chambo cha pili kikishuka pale pale wakati huo, mtakuwa na samaki wawili. Nyavu ziwe tayari, zimekunjuliwa, hazijafunikwa na mikoba.

Mkifikisha watano, kazi inageuka hesabu. Kila samaki anapoingia kwenye tangi afungwe kibanio chenye namba mdomoni, na uzito wake uandikwe mara moja mahali mnapopaona wote. Akija wa sita usianze kubahatisha nani mdogo huku samaki watano wakirukaruka mikononi. Angalia karatasi, mtoe mdogo kuliko wote, tuseme namba 3, pima wawili hao kwenye mizani ya kuning'iniza, mdogo arudi majini. Sekunde ishirini. Hakikisha tu kwamba kanuni za jimbo zinaruhusu kubadilisha samaki, maana zinatofautiana. Urefu wa chini nao usipimwe kwa macho: New York kwa kawaida ni inchi 12, na samaki mfupi akikutwa kwenye mfuko wako adhabu haiangalii kwamba ni mfupi kwa unywele.

Kuondoka eneo ni uamuzi mgumu kuliko kufika. Ushauri wangu: kama kanuni uliyoipata kwenye mazoezi bado ina masharti yake, upepo ule ule, jua lile lile, na samaki hawaonekani, sogea mita mia kadhaa kwenye ukingo huo huo kabla ya kuvuka ziwa. Kama masharti yamebadilika, usisubiri. Upepo umegeuka unatoka nchi kavu, umesukuma maji ya juu yenye joto kwenda nje, na maji baridi yamepanda kutoka chini kuchukua nafasi yake. Samaki wa futi 30 wa jana wana sababu mpya ya kuwa kwingine. Angalia joto la maji kwenye kioo chako kila baada ya muda. Nyuzi tatu zikishuka ghafla, alama zako za jana ni historia.

Na rudi kwa wakati. Kwenye mashindano mengi kila dakika ya kuchelewa inakugharimu ratili 1, na ukipitisha dakika 15 samaki wako hawapimwi kabisa. Panga muda wa kurudi kwa mawimbi ya mchana, sio kwa mawimbi uliyoyakuta asubuhi.

Samaki wafike hai, kwanza kwa sababu ni haki yao, pili kwa sababu kila mfu hukatwa uzito. Ray Scott, mwanzilishi wa chama cha wavuvi wa besi, B.A.S.S., ndiye aliyeanza mwaka 1972 kuwahimiza wavuvi wa mashindano wawarudishe besi majini wakiwa hai, na tangu hapo tangi lenye pampu limekuwa kiungo cha boti. Pampu isizimwe. Siku ya joto tia chupa za plastiki za maji yaliyogandishwa, si barafu yenyewe iliyotengenezwa kwa maji ya bomba, kwa sababu ya klorini, na usiyapoze maji kwa kishindo. Samaki aliyetolewa kwenye kina cha futi 30 na zaidi anaweza kuvimba kibofu cha hewa: utamwona anaelea kwa ubavu, au tumbo limesukumwa mpaka mdomoni. Vipo vibanio vyenye uzito vya kubana kwenye mapezi ya chini ili asimame wima, na ipo njia ya kuitoa hewa kwa sindano. Ya sindano usijifunzie siku ya shindano. Mwombe mvuvi mzoefu wa klabu akuonyeshe kwa mkono wake, na uliza kama inaruhusiwa unapovua. Kwenye foleni ya mizani usikae na mfuko wa samaki bila maji mapya. Dakika mbili ni nyingi.

Kuhusu uaminifu, mchezo huu umekuwa mkali. Septemba 2022 huko Cleveland, kwenye shindano la samaki aitwaye wolai katika ziwa hili hili, msimamizi aliwapasua samaki wa washindi mbele ya umati akakuta vipande vya madini ya risasi na minofu ya samaki wengine tumboni. Wavuvi wawili walikiri kosa mahakamani mwaka uliofuata, wakaenda jela siku chache na kunyang'anywa boti. Mashindano mengine humpima mshindi kwa mashine ya kugundua uongo. Mashaka huwa mengi kwa mgeni, na mgeni mwenye lafudhi ndiye wa kwanza kuulizwa. Hilo si haki lakini lipo. Kwa hiyo soma kanuni zote, hasa kipindi ambacho ziwa limefungwa kwa washiriki na marufuku ya kupokea habari za samaki kutoka kwa watu wa nje. Ukiwa na swali muulize mratibu kwa maandishi, uhifadhi jibu lake.

Je, kama huna boti? Wengi hawana, na bei zake ni za nyumba. Milango iko miwili. Klabu nyingi zina nafasi ya mshindani wa nyuma, anayepangiwa kwa kura boti ya mtu mwingine. Unavua kutoka nyuma, huamui mnakwenda wapi, lakini unakaa siku nzima karibu na mtu anayelijua ziwa. Changia mafuta bila kuombwa, fika gatini kabla yake, na usiguse sona yake. Mlango wa pili ni mashindano ya kayaki. Huko samaki hapelekwi kwenye mizani: unamlaza kwenye ubao wa kupimia wenye kidole cha kusukumia mdomo wake, unapiga picha yenye kitambulisho cha siku hiyo, unamrudisha. Urefu wa watano bora ndio unaojumlishwa. Kwa mtu wa zamu za usiku anayeishi karibu na maji, hii ndiyo njia ningempendekezea kwanza, mradi avulie ndani ya ghuba kama Presque Isle siku za upepo.

Ukishika nafasi ya kulipwa, usishangae mratibu akikuletea fomu ya W-9 ya kujaza jina na namba yako ya Social Security. Nchini Marekani zawadi ya fedha ni mapato na inatozwa kodi. Tunza risiti za kiingilio na mafuta, halafu mwulize anayekujazia kodi kama zinahesabika kwa hali yako. Wenye viza zenye masharti ya kazi wamwulize mwanasheria wao kabla ya kulipa kiingilio, si baada ya kupokea hundi.